Mlio wa kipima mionzi: kisa cha kibanda cha Golf Manor

Saa nane na dakika 40 usiku, tarehe 31 Agosti 1994, polisi wa Clinton Township, jimbo la Michigan, walipigiwa simu kwamba kuna kijana mtaani, huenda anaiba matairi. Walimkuta na gari lake, Pontiac. Akasema anamsubiri rafiki. Jibu halikuwaingia, wakafungua buti. Ndani kulikuwa na sanduku la spana lililopigwa kufuli na kuzungushiwa utepe wa gundi, na vifurushi zaidi ya 50 vya foili vyenye unga wa kijivu, pamoja na vidude vya chuma na swichi za zebaki. Kijana akawaonya kuhusu lile sanduku: lina mionzi.

Polisi wakafikiria bomu. Cha ajabu, gari likavutwa kwanza hadi kituoni, ndipo wataalamu wa mabomu wakaitwa. Bomu halikuwapo. Vipimo vilikuta thoriamu na amerisiamu, elementi zenye mionzi, vitu ambavyo kijana wa miaka 17 hana sababu ya kutembea navyo usiku wa manane. Jina lake David Hahn, na alikuwa skauti.

Kisa chake kimesimuliwa mno, na wasimulizi wengi huanza na sentensi ileile: mtoto alijenga mtambo wa nyuklia nyuma ya nyumba ya mama yake. Hakujenga. Mtambo unataka fueli nyingi ya nyuklia, iliyosafishwa na kupangwa kwa hesabu, ili nyutroni, chembe zinazotoka kwenye kiini kimoja cha atomu, zikapasue kingine, na hicho kingine, bila mnyororo kukatika. Hahn hakuwahi kukaribia kiasi hicho. Alichokuwa nacho ni donge la unga wa elementi zenye mionzi, limefungwa kwa foili na utepe. Kama mtambo, lilikuwa mchezo. Kama uchafu uliofumuliwa na kuachwa wazi katikati ya makazi ya watu, lilikuwa balaa. Wengi hubishana kuhusu la kwanza wakasahau la pili.

Mimi kinachonivuta ni kitu kingine kabisa: kipima mionzi chake. Kijana huyu alikuwa nacho. Alikuwa na kaunta ya Geiger, chombo kinacholia kikikutana na mionzi, anaisikiliza, anaielewa. Wanaoumia kwa majaribio ya nyumbani kwa kawaida huumia gizani, hawajui walichokichanganya. Huyu alikuwa na chombo kinachomwambia, tena kwa sauti. Sasa ilikuwaje?

Turudi nyuma kidogo. Alizaliwa Oktoba 1976. Wazazi waliachana. Siku za wiki aliishi Clinton Township kwa baba yake, mhandisi wa magari, na mama wa kambo. Mwisho wa wiki alikwenda kwa mama yake, Golf Manor, mtaa wa Commerce Township, kama kilomita 40 kutoka Detroit. Akiwa na miaka kama 10 alipewa kitabu cha majaribio ya kemia cha mwaka 1960, cha enzi zile ambapo watoto walielekezwa kutengeneza klorini nyumbani kana kwamba wanakoroga uji. Akakimaliza. Akiwa na miaka 12 anasoma vitabu vya chuo. Akiwa na 14 ameshatengeneza nitrogliserini, kilipuzi.

Jioni moja mlipuko ukatikisa nyumba kutoka chumba cha chini. Walipomkimbilia walimkuta ameanguka, fahamu nusu, nyusi zinafuka moshi. Alikuwa amegonga fosforasi nyekundu, kemikali inayowaka ikigongwa, kwa bisibisi. Chombo cha plastiki kilipasuka, vipande vikamwingia machoni, na kwa miezi kadhaa akawa anarudi kwa daktari wa macho kutolewa vilivyobaki.

Baada ya hapo akapigwa marufuku chumba cha chini. Uamuzi wa haki, ungesema. Lakini angalia matokeo yake: maabara ikahamia kwa mama, kwenye kibanda cha kuwekea vifaa vya bustani, nyuma ya nyumba. Kule kwa baba angalau kulikuwa na watu sebuleni juu yake. Kibandani alikuwa peke yake na mlango wake, tena usiku. Familia haikupunguza hatari, iliihamisha mahali ambapo haitawatikisa kochi. Na kosa hili ni la wengi. Fundi simu anayechemsha asidi barazani tukimfukuza kwa sababu ya harufu, anakwenda kuchemshia chumbani alimolala mtoto.

Hatua ya pili ndiyo mbaya zaidi. Kijana alibadilisha aina ya hatari. Mlipuko una adabu moja: unajitangaza. Ukikosea, nyumba nzima inajua. Klorini nayo, ile inayotoka mtu anapochanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi ndani ya bafu lisilo na dirisha, inakukaba kooni na kukutoa machozi, inakufukuza. Wapo waliokufa kwa kuchelewa kutoka, lakini wito ulikuwapo. Mionzi haina moshi, haina harufu, haichomi ulimi. Mtu aliyezoea kujifunza kwa kuungua anapoingia kwenye kitu kisichounguza, shule yake yote ya nyuma inamgeuka. Kilichobaki cha kumwonya ni ile kaunta tu.

Mei 10, 1991, alipata beji ya skauti ya nishati ya atomiki. Baba yake alitaka afike daraja la Eagle Scout, la juu kabisa kwa skauti wa Marekani, linalodai beji 21. Pengine aliona hii itamtuliza. Ikamwasha. Akaanza kuandika barua kwa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, kwa Wizara ya Nishati, kwa vyama vya wataalamu, akijitambulisha kama mwalimu wa fizikia wa sekondari aliyokuwa akisoma mwenyewe. Majibu yakaja, ya adabu na ya kina. Wapo waliomwita profesa. Aliambiwa elementi gani inapatikana ndani ya bidhaa gani, na akahakikishiwa kwamba kwa kiasi kilichomo humo hatari ni ndogo.

Na hilo lilikuwa kweli. Kosa halikuwa kwenye majibu. Kila aliyejibu aliona swali moja, la mwalimu mmoja, na akalijibu vizuri. Hakuna aliyeona rundo la maswali. Mama aliona mwanawe anavaa barakoa na kukesha kibandani. Dukani waliona mteja. Kila mtu alishika kipande, kama wale vipofu na tembo, ila hapa hakukuwa na hata wa kuuliza jirani yake ameshika nini.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, maana hapa ndipo kemia ilipo.

Sisi tuliokulia na karabai tunakijua kile kifuko cheupe cha nyuzi kinachofungwa juu ya bomba la taa. Unakifunga, unakichoma kwanza, kinabaki mifupa ya majivu meupe, myepesi kiasi kwamba ukikigusa kwa kidole kinamomonyoka. Ukipiga pampu, kinawaka mwanga wa kuumiza macho. Wavuvi wa dagaa, Kigoma na Mwanza, wamevulia mwanga huo miaka na miaka kabla ya taa za sola. Ubunifu huo ni wa Mwaustria, Carl Auer von Welsbach, wa mwishoni mwa karne ya 19, na siri ya mchanganyiko wake uliofaulu ni oksidi ya thoriamu kwa asilimia 99 na seriamu asilimia 1. Thoriamu ina mionzi. Siku hizi viwanda vingi vimehamia itriamu, lakini miaka ya 1990 Marekani kifuko hicho kilikuwa kitu cha dukani, cha watu wa kupiga kambi. Kifuko kimoja kikining'inia kwenye karabai hakina neno. Hahn alikusanya maelfu, akavichoma kuwa majivu, akayasafisha kemikali mpaka thoriamu ikakolea kuliko ilivyo mahali popote ardhini.

Amerisiamu aliitoa kwenye ving'ora vya moshi. Ndani ya king'ora cha aina hiyo kuna chembe ndogo, kiasi cha sehemu tatu za kumi za maikrogramu, imebanwa kwenye bamba jembamba la chuma na kufunikwa dhahabu. Inatoa chembechembe za alfa, ambazo hazipiti karatasi, hazipiti ngozi, na hewani hufa baada ya sentimita chache. Ndiyo maana king'ora kinatundikwa juu ya kitanda cha mtoto bila wasiwasi. Aliiandikia kampuni, akauziwa ving'ora vibovu kama 100 kwa dola 1 kila kimoja. Kisha akavipasua na kuvitia moto.

Radiamu aliipata kwenye saa za zamani zenye namba za kung'aa gizani. Alizunguka maduka ya vitu vikuukuu na kaunta yake, na saa moja ikamtunuku zaidi ya alivyotarajia: chupa ya ile rangi yenyewe ya radiamu inayong'arisha namba, imeachwa ndani. Ana bahati, ungedhani. Rangi hiyohiyo ndiyo iliyowaua wasichana wa viwandani New Jersey na Illinois miaka ya 1920, waliokuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo yao kabla ya kuchora kila namba. Mwili hauwezi kutofautisha radiamu na kalisi, kwa hiyo unaipeleka kwenye mifupa. Taya zao zilioza wakiwa hai.

Ukiviangalia hivi vitatu pamoja unaona jambo ambalo lile jibu la “kiasi ni kidogo” linalificha. Usalama wa king'ora hautoki kwenye udogo wa amerisiamu tu. Unatoka kwenye dhahabu inayoifunika. Usalama wa saa unatoka kwenye kioo. Alfa ikiwa nje ya mwili ni kama mbwa nyuma ya ukuta. Ikiingia pafuni kwa vumbi, ukuta haupo tena, na kila chembe inamaliza nguvu zake zote kwenye seli chache zilizo jirani, leo, kesho na miaka yote. Kazi yote ya Hahn, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, ilikuwa kuondoa dhahabu, kuondoa kioo, kusaga, kuchoma na kukwangua. Alikuwa anabomoa vifuniko. Hata beriliamu, metali aliyoletewa na rafiki, ni ya namna hiyo: kipande chake hakina shida, vumbi lake linaharibu mapafu bila msaada wa mionzi yoyote.

Ni kweli alijikinga. Alivaa barakoa, alikuwa akibadili viatu na kutupa nguo alizofanyia kazi. Mtu anayetupa nguo anajua kuna kitu kwenye nguo. Lakini hakuwa na hewa inayovutwa nje na kuchujwa, hakuwa na sanduku la kioo la kuingizia mikono, hakuwa na sakafu ya kuoshwa. Alikuwa na mbao, udongo na ndoo. Na nguo alizotupa zilikwenda wapi? Pengine kwenye pipa la nyumbani.

Sasa kaunta. Alipoanza, ilikuwa mkono wake wa kutafutia: ikilia dukani, saa hii inafaa. Baadaye ikawa ya kupimia kazi: ikilia zaidi ya jana, unga umesafika zaidi ya jana. Miaka mitatu mlio ulimaanisha amefaulu. Kwa fundi wa mionzi mlio huo unasema ondoka. Kwa Hahn ulisema endelea. Chombo hakikudanganya hata siku moja. Maabara yoyote ya maana ina mtu wa pili, ambaye kazi yake si kufaulu kwa jaribio bali ni kusoma namba ile na kusema inatosha leo. Huyo mtu wa pili ndiye aliyekosekana Golf Manor, na sidhani kama kulikuwa na upungufu mwingine wowote uliozidi huu, maana akili ilikuwapo, vitabu vilikuwapo, hata kipimo kilikuwapo.

Alipokusanya kila kitu kwenye donge moja, usomaji ukawa unapanda wenyewe siku hadi siku. Hapo alifurahi. Kisha ikafika siku kaunta ililia akiwa nyumba ya tano kutoka kwa mama yake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mlio uleule ukamaanisha kitu kingine. Kilichombadilisha ni umbali. Kama kaunta ingeendelea kulia mezani tu, nadhani angeendelea pia. Akaanza kulibomoa donge kwa haraka, sehemu akaiacha kibandani, sehemu nyumbani, nyingine akaitia kwenye buti la Pontiac. Kubomoa kitu cha namna ile kwa mikono ni vumbi tena, na ni vumbi zaidi.

Kutoka usiku ule wa polisi hadi wakaguzi kujua habari za kibanda ilipita karibu miezi mitatu. Kijana hakuwaambia mapema. Walipofika walikuta, miongoni mwa vitu, kopo la mboga lililosomeka hesabu 50,000 kwa dakika, kama mara 1,000 ya hali ya kawaida. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, likaandika kwamba wakazi wapatao 40,000 wa eneo lile wangeweza kuwa hatarini. Tarehe 26 hadi 28 Juni 1995 watu waliovaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi unyayoni walikikatakata kibanda, ubao kwa ubao, wakakifungia kwenye mapipa 39 na kuyapeleka jangwa la Utah kuzikwa. Gharama ilikaribia dola 60,000. Majirani walisimama kwenye nyasi zao wakitazama.

Hahn alikataa kupimwa mwili. Alipewa nafasi, akakataa, na mpaka leo hakuna namba ya kiasi alichovuta kifuani. Mama yake alifariki mwaka 1996. Yeye akajiunga na jeshi la majini na, kwa kejeli isiyotungika, akapangwa kwenye USS Enterprise, manowari ya kubeba ndege iliyokuwa ikiendeshwa kwa mitambo minane ya nyuklia. Hakuruhusiwa kuisogelea, alikuwa baharia wa kazi za kawaida. Mwaka 2007 alikamatwa tena Clinton Township kwa kuiba ving'ora vya moshi kwenye korido za jengo alimoishi, akafungwa siku 90. Picha ya polisi inamwonyesha uso umejaa vidonda, na watu wakaamua papo hapo kuwa ni mionzi. Picha haiwezi kusema hivyo, na vidonda vya usoni vina sababu nyingi. Alifariki Septemba 2016 akiwa na miaka 39, na mchunguzi wa vifo alitaja pombe na dawa, si mionzi. Anayetaka kisa hiki kimalizike kwa saratani hana ushahidi wake.

Mwaka 2011, Ängelholm, Sweden, mwanamume wa miaka 31 alijaribu mambo yanayofanana na haya jikoni kwake, mchanganyiko ukamwagikia jiko. Yeye aliiandikia mamlaka ya mionzi ya nchi yake kuuliza kama anachofanya kinaruhusiwa. Walimjibu kwa kumjia na polisi. Wengi walimcheka kwa ujinga wa kujishtaki. Mimi simcheki, alichelewa, lakini alimtafuta mtu wa pili.

Limebaki jambo moja kuhusu yale mapipa 39. Kabla wakaguzi hawajafika kibandani, mama yake Hahn alishaingia. Aliogopa watamnyang'anya nyumba. Akachukua alichoweza kuchukua, na kwa bahati mbaya humo vilikuwamo vya maana zaidi: radiamu, unga wa thoriamu uliosafishwa, vyombo vya kazi. Akavitia kwenye mifuko ya taka za jikoni na kuiweka nje kama siku zote. Miaka baadaye Hahn mwenyewe alisema kwa mzaha kwamba serikali iliambulia takataka, na takataka zikaambulia vitu vyenyewe.

Amerisiamu huchukua miaka 432 kupungua nusu. Radiamu, miaka 1,600. Wafanyakazi wa lori la taka waliinyanyua mifuko ile kwa mikono yao, wakaitupa nyuma na kwenda nyumba ya pili.